Aliyemhamisha mnyama haikimbii dhamana yake: Funzo la Saanane, Rubondo na sangara

KATI ya mwaka 1954 na 1969, Ziwa Victoria lilishuhudia mambo matatu ambayo kwa mtazamo wa haraka hayahusiani. Upande wa Uganda, samaki wageni waitwao sangara walimwagwa ziwani bila tangazo lolote. Mjini Mwanza, Serikali ilikitwaa kisiwa kidogo cha Saanane na kukigeuza bustani ya wanyama. Na katika pembe ya kusini-magharibi ya ziwa, sokwe waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya walishushwa katika kisiwa cha Rubondo na kuachiwa huru.

Katika mambo yote matatu, binadamu alimwondoa kiumbe mahali pake na kumweka pengine, kwa nia ambayo wakati huo ilionekana kuwa njema. Waliofanya uamuzi huo walikuwa watu wachache, na walioamua kwa siku chache. Matokeo yake yameendelea kubebwa na watu wengi kwa zaidi ya nusu karne.

Swali linalozuka hapa ni jepesi kulitamka, ila gumu kulijibu. Dhamana ya binadamu kwa mnyama aliyemfungia, au aliyempeleka mahali pasipo pake, inaishia wapi? Historia ya ziwa hili inaonyesha kuwa haiishii kwenye lango la kizimba, wala kwenye ufuko ambako mnyama ameshushwa.

Saanane: Dhamana ya kizimba

Kisiwa cha Saanane kipo mwendo wa dakika chache kwa boti kutoka Capri Point, katikati ya Jiji la Mwanza. Jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mmiliki wake wa kwanza. Mwaka 1964 Serikali ilimlipa fidia, naye akahamia maeneo ya jirani. Hapo ndipo ilipoanzishwa bustani ya kwanza ya wanyama ya Serikali nchini.

Bustani hiyo ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kuwapa wakazi wa Mwanza na vitongoji vyake nafasi ya kuwaona na kujifunza kuhusu wanyamapori, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na uwezo wa kufika Serengeti. Pili, kuwa kituo cha kuwapokea na kuwahifadhi kwa muda wanyama waliokuwa njiani kupelekwa Rubondo.

Mwaka 1991 Saanane ilipandishwa hadhi na kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 tu, eneo la maji likiwemo, na ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Swala pala, pimbi na tumbili wanaonekana humo wakitembea huru kati ya majabali yake.

Pamoja na sifa hizo, bustani ya wanyama ni ahadi inayotakiwa kutimizwa kila siku. Mnyama wa porini akikosa maji au malisho upande mmoja huhamia upande mwingine, lakini wa kizimbani hana upande mwingine. Chakula, maji safi, kivuli, tiba, nafasi ya kujinyoosha na mwenzake wa kuishi naye, vyote hivyo vinatoka katika mkono wa aliyemfungia. Simba hali bajeti ya mwaka ujao. Anakula nyama ya leo.

Aidha, wataalamu wa ustawi wa wanyama wamekuwa wakisisitiza kwa muda mrefu kuwa shibe peke yake haitoshi. Mnyama aliyeumbwa kutembea kilomita nyingi kwa usiku mmoja, akifungiwa katika chumba cha hatua chache, huanza kuzunguka njia ile ile kutwa nzima, au hujilamba hadi akajitoa vidonda. Mtazamaji asiyejua anaweza kudhani mnyama huyo anacheza. Ukweli ni kuwa hiyo ni dalili ya mateso.

Jambo hili haliwahusu wenye bustani kubwa peke yao. Mtu anayeokota mtoto wa tumbili aliyefiwa na mama yake na kumfunga kamba nyuma ya nyumba, au anayenunua kasuku au kobe kwa mchuuzi wa njiani, naye anaingia katika dhamana hiyo hiyo. Mtoto wa tumbili anapendeza. Dume la tumbili lenye meno marefu, lisilomwogopa mtu yeyote, ni habari nyingine. Mara nyingi huo ndio wakati ambapo mwenye nyumba anaanza kutafuta mahali pa kumtupa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka mtu anayefuga mnyamapori, au anayeanzisha bustani au shamba la wanyamapori, awe na kibali. Hata hivyo, sheria hupimwa na matukio. Novemba 2010, zaidi ya wanyama na ndege hai 100, wakiwemo twiga, walisafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro kwenda Qatar kinyume cha sheria. Mei 2016 Serikali ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Marufuku hiyo iliziba mwanya mmoja na kufichua tatizo jingine. Wapo wanyama waliokuwa wamekwishakamatwa na kufungiwa katika mazizi ya wafanyabiashara, wakisubiri wanunuzi. Biashara iliposimama, njaa yao haikusimama. Hilo ndilo jambo ambalo halina budi kufikiriwa kabla ya mtego kutegwa, yaani mnyama huyu atalishwa na nani endapo mpango hautafanikiwa?

Rubondo: Dhamana ya kuachia huru

Wapo wanaoamini kuwa dawa ya kizimba ni kufungua mlango. Kisiwa cha Rubondo kinatoa jibu lenye pande mbili.

Rubondo ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1965 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Sehemu kubwa ya nchi yake kavu imefunikwa na msitu. Kabla ya kuwa hifadhi, kulikuwa na wakazi waliohamishwa ili kupisha wanyama. Nzohe, pongo, viboko na mamba ni wenyeji wa asili wa eneo hilo.

Profesa Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt nchini Ujerumani, aliona katika kisiwa hicho mahali salama pa kuwahifadhi wanyama waliokuwa hatarini kwingineko. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa kwa awamu nne. Wengi wao walikuwa wamekamatwa porini Afrika Magharibi wakiwa wadogo, kisha wakaishi Ulaya kwa vipindi tofauti, baadhi yao kwa miaka kadhaa.

Hawakupewa mafunzo yoyote ya kuishi porini. Masanduku yalifunguliwa, wakaingia msituni. Kinyume cha hofu ya wengi, baada ya muda si mrefu walikuwa wamejua matunda ya kula na namna ya kujenga viota vya kulalia juu ya miti. Walizaliana, na vizazi vilivyofuata havikuwahi kuona kizimba. Leo idadi yao ni mara kadhaa ya wale waliofika, na watalii huvuka maji kwenda kuwatafuta.

Kwa kipimo hicho, mpango ule ulifanikiwa. Lakini hesabu kamili ina safu nyingine. Baadhi ya sokwe wale, kwa kuwa walizoea kukaa na watu, hawakuwa na woga wa binadamu. Madume mawili yaliyoshambulia watu yaliuawa kwa risasi. Walikuwa wamekamatwa na watu, wakalelewa na watu na kuachiwa na watu, na kilichowaponza ni kutowaogopa watu.

Jambo la pili ni ukoo. Sokwe wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ni wa jamii ndogo ya mashariki, wakati asili ya wale wa Rubondo ni Afrika Magharibi. Kwa sababu hiyo, hawawezi kutumiwa kuongeza idadi ya sokwe wa Gombe bila kuchanganya koo ambazo maumbile yamezitenga kwa muda mrefu. Kisiwa chao ndicho kizimba chao kipya, ingawa ni kipana na chenye miti.

Sokwe hawakuwa peke yao. Faru weusi, twiga, mbega, korongo, na baadaye tembo wachache mwanzoni mwa miaka ya 1970, nao walipelekwa Rubondo. Twiga na tembo walistawi. Faru waliangamizwa na majangili, na korongo wametoweka. Mwaka 2000 kasuku wa kijivu walionaswa Nairobi wakiwa katika biashara haramu nao waliachiwa katika kisiwa hicho. Maji yaliyotarajiwa kuwa ukuta wa kuwalinda faru hayakumzuia mtu mwenye bunduki na mtumbwi.

Funzo la Rubondo, basi, si kwamba kuachia huru ni kosa. Ni kwamba mlango ukifunguliwa kazi ndiyo kwanza inaanza. Mnyama aliyeachiwa anahitaji askari wa kumlinda, mtaalamu wa kumfuatilia, na mtu wa kuangalia anakula nini na anamnyima nani chakula. Tembo anayetiwa katika kisiwa chenye mipaka huongezeka, lakini msitu hauongezeki.

Sangara: Dhamana isiyo na uzio

Ikiwa kisiwa kinaweza kumwekea mnyama mpaka, maji hayana mpaka. Hapo ndipo kisa cha sangara kinapotofautiana na vingine vyote.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mfalme wa samaki wa Ziwa Victoria alikuwa ngege. Nyavu za makila, zilizoanza kutumika katika ziwa hilo mwaka 1905, ziliwamaliza kwa kasi kubwa. Watawala wa kikoloni walitafuta samaki wa kuziba pengo hilo. Waliwaona furu, samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani, kuwa ni chakula kinachopotea bure. Wazo likawa kuleta samaki mkubwa atakayewala furu na kuwageuza minofu.

Onyo lilitolewa mapema. Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa kwanza wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alitahadharisha katika ripoti yake ya mwaka 1929 kuwa kumleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Mwaka 1960 mtaalamu mwingine, Geoffrey Fryer, aliandika kuupinga mpango huo. Lakini wakati huo sangara walikuwa tayari majini tangu mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine waliongezwa Uganda na Kenya.

Tanganyika haikuhitaji kuwaleta, kwa kuwa walikuja wenyewe. Kwa miaka zaidi ya 20 walionekana wachache tu, kiasi kwamba aliyeuliza madhara yako wapi angeweza kuchekwa. Kisha, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza, na furu wakatoweka katika nyavu.

Tangu mwaka 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa Mwanza wakiwahesabu na kuwachambua furu. Walijikuta wakiandika taarifa za msiba. Inakadiriwa kuwa ziwa hilo lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, waliotokana na ukoo uliogawanyika ndani ya miaka ipatayo 15,000 tu, tangu ziwa lilipokauka na kujaa tena. Takriban aina 200 zinaaminika kutoweka, nyingi kabla hazijapewa jina la kitaalamu.

Sangara hakuwa mkosaji pekee. Uvuvi wa furu kwa nyavu za kukokota katika miaka ya 1970 ulikuwa umekwisha kuwapunguza, na mbolea, udongo na maji taka vilivyoingia ziwani viliyafanya maji kuwa machafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa majike ya furu huchagua madume kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika.

Kwa upande mwingine, itakuwa si haki kuhesabu hasara bila faida. Sangara ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza katika miaka ya 1990. Ndiye aliyewapa ajira wavuvi, wabebaji, mafundi mitumbwi na wenye magari ya barafu. Mabondo yake yana soko Asia. Wakati huo huo, wakati minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya, wakazi wengi wa kando ya ziwa walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki kiwandani. Na kwa kuwa sangara ana mafuta mengi na hakauki vizuri kwa jua kama dagaa au furu, wachakataji wadogo walilazimika kumbanika kwa kuni, na miti ya visiwani ikalipa gharama.

Hali hiyo ndiyo inayofanya dhamana hii kuwa nzito. Hakuna anayeweza kuagiza sangara waondolewe ziwani, na hata kama ingewezekana, maelfu ya familia zingelala njaa. Mgeni amekuwa mwenyeji. Tanzania, Uganda na Kenya, kupitia Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoundwa mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, sasa hukutana kupanga namna ya kumlinda sangara asimalizwe na uvuvi haramu. Samaki aliyewamaliza wengine naye anahitaji ulinzi.

Gugu maji na mdudu aliyepimwa

Si kila mgeni huletwa kwa makusudi. Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Victoria, sehemu yake likishuka kupitia Mto Kagera. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba mialo, kukwamisha vivuko na mitumbwi, na kutoa maficho kwa konokono waenezao kichocho.

Dawa iliyotumika ilikuwa mgeni mwingine. Mbawakavu wadogo wanaokula gugu hilo huko kwao waliletwa na kuachiwa ziwani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Tofauti na sangara, wadudu hao walikuwa wamepimwa kwanza iwapo wangeweza kuishi kwa kula mimea mingine, yakiwemo mazao ya chakula. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha kazi hiyo kilifanywa na wadudu na kiasi gani na hali ya hewa ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Gugu halijatoweka, na kila linapostawi upya kazi huanza tena.

Kisa hicho kinaonyesha kuwa tatizo si kuhamisha kiumbe kama kiumbe. Tatizo ni kuhamisha bila kupima, bila kutangaza na bila kumteua wa kuwajibika.

Furu walio uhamishoni

Kizimba, ambacho mara nyingi hulaumiwa, kimekuwa pia kimbilio. Kabla ya aina fulani za furu kutoweka kabisa, watafiti waliwakamata baadhi yao na kuwapeleka Ulaya na Marekani, ambako vizazi vyao vimeendelea kutunzwa katika matangi ya vioo. Zipo aina ambazo mjukuu wa mvuvi wa Mwanza hawezi kuziona kwao, lakini mtoto wa mji wa mbali anaziona kwa kulipa kiingilio.

Kuwarejesha si jambo la kumwaga ndoo ya maji. Ziwa waliloliacha halipo tena. Sangara wapo, maji yamebadilika, na samaki waliozaliwa katika tangi kwa vizazi vingi hawamjui adui. Wanaowatunza hawana tarehe ya kukabidhi kazi hiyo. Habari yenye faraja ni kuwa ndani ya ziwa lenyewe, aina chache za furu zilizodhaniwa kupotea zilianza kuonekana tena katika miaka ya 1990, baadhi zikiwa na mabadiliko ya maumbile yanayozisaidia kuishi katika maji yenye hewa haba.

Vizimba vipya

Suala hili si la historia. Januari 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo nafuu. Ufugaji huo unaweza kuinua kipato cha vijana na kinamama, na kulipunguzia ziwa mzigo wa nyavu haramu. Samaki anayefugwa humo ni sato, ambaye leo hutoka zaidi katika jamii iliyoletwa ziwani katika miaka ya 1950 kutoka nje ya bonde lake, na iliyochangia kuwasukuma pembeni ngege na mbiru wa asili. Imethibitika nchini kuwa sato huyo huzaliana na ngege, na kizazi chao huipoteza damu ya ngege kidogo kidogo.

Hoja si kuvikataa vizimba. Hoja ni kuuliza mapema yale ambayo hayakuulizwa mwaka 1954. Mbegu ya samaki imetoka wapi? Wavu ukichanika usiku wa dhoruba, nani anapaswa kujulishwa? Mabaki ya chakula na kinyesi vinavyozama chini ya kizimba vinapimwa na nani? Na mabwawa na maziwa madogo ambako ngege halisi bado wapo yatalindwaje yasipandikizwe sato kwa nia njema ya kiongozi wa kijiji?

Nyenzo za kisheria zipo. Tanzania iliridhia mwaka 1996 Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, unaozitaka nchi kuzuia viumbe wageni wenye madhara au kuwadhibiti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinatoa mamlaka ya kudhibiti na kupima athari. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo Mwanza. Kinachotakiwa ni kwamba mtaalamu aulizwe kabla ya samaki kufika majini, na si kuitwa baadaye kuhesabu waliokufa.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyemwaga ndoo ya kwanza ya sangara hakuna aliyemdai chochote. Wanaodaiwa ni wavuvi wa leo, askari wa Rubondo anayelala msituni, na mtunza wanyama anayebeba nyama asubuhi kabla jiji halijaamka. Kila atakayehamisha mnyama mwingine katika ziwa hili anawaongezea watu hao kazi, na jambo dogo analoweza kufanya ni kuwauliza kwanza kama wataiweza.